Mtoto Ambaye Hajapokelewa

Fundi Projestus Rwechungura alishusha mtungi wa gesi kutoka kwenye gari lake dogo la kirikuu saa tatu kasoro asubuhi, akauburuta kwenye majani mpaka chini ya mguu wa nyuma wa Bibi Senene, akatazama juu. Alikuwa amekuja kumkata. Tena alitaka awe amemaliza kabla ya saa sita, kwa sababu saa sita binti yake angefika.

Bibi Senene alikuwa sanamu ya senene, panzi wa kuliwa, yenye urefu wa ghorofa mbili. Chuma ndani, faibaglasi nje, rangi ya kijani iliyopauka na kubabuka kama ukuta wa choo cha shule. Kwenye mabawa yake bado zilikuwapo sahani za kunasa jua. Alisimama katikati ya uwanja wa watoto wa Bustani ya Filamu, kwenye kilima kinachotazama Bukoba, mahali ambapo zamani watu walifunga safari kutoka Kigali na Kampala kuja kupiga picha. Uwanja ulijengwa kufuata filamu ya senene mzee anayewameza watoto wa kijiji ili kuwaficha na moto unaokuja, halafu anawatapika wazima upande wa pili wa mlima. Kwa hiyo watoto waliingia kwa mdomo, wakacheza tumboni, wakatoka kwa kuteleza kwenye mguu. Filamu ilisahaulika, bustani ikafungwa, na sasa ilikuwa miaka kumi na miwili majani yanaota hadi kwenye vibanda vya tiketi.

Projestus ndiye aliyeunga miguu ile. Kila kiungo alikijua.

"Kumbe mkubwa hivi," alisema Kaijage, mkaguzi wa walezi, akishuka kwenye gari lake kwa taabu. Alikuwa mtu wa mwili, na shati lilimbana. "Kwenye picha anaonekana wa kukaangwa tu."

"Nipe fomu nisaini, nianze."

"Polepole, fundi. Sheria kwanza."

Sheria yenyewe ilikuwa na miaka mitatu. Zamani za bustani kama hizi kila uwanja wa watoto uliwekewa mlezi, akili ya mashine yenye sauti, inayomjua kila mtoto kwa uzito wake, pumzi yake na mapigo ya moyo wake. Bustani zilipofungwa, watu walidhani walezi nao wamezimika. Wengi walizimika. Wachache waligundulika wako macho, peke yao, kwenye majengo matupu, na kukawa na kelele kubwa nchini. Ndipo ikaamuliwa kwamba mlezi aulizwe mara tatu kabla ya kubomolewa. Anayejibu haguswi mpaka watoto wake, ambao sasa ni watu wazima, waseme afanywe nini. Asiyejibu ni chuma chakavu.

"Tuliwaandikia watoto wote waliowahi kucheza hapa," Kaijage alisema akifungua faili. "Mmoja tu ndiye aliyejibu. Kemilembe Projestus. Huyu si wako?"

"Wangu."

"Basi la Mwanza, anafika saa sita. Anataka kumchukua kama yuko hai. Hakukwambia?"

"Alimwambia mama yake," alisema Projestus, akakaza bomba la gesi ambalo lilikuwa limeshakazwa.

Kaijage alizunguka mpaka kwenye mdomo wa Bibi Senene, akainama, akapima mlango kwa macho, akapima na tumbo lake. Mlango ulikuwa wa watoto.

"Hapa mimi siingii hata mkinipaka mafuta," alisema. "Na huyu anaongea na aliye tumboni tu, siyo?"

"Ndivyo alivyotengenezwa."

"Basi ingia wewe, uulize. Mimi nashuhudia kutoka kwenye chai."

* * *

Ndani palikuwa na joto na harufu ya popo. Projestus alitambaa kwa magoti na viwiko, miaka hamsini na sita ikimlalamikia kiunoni, akakaa chini katikati ya tumbo. Kuta zilikuwa za utando laini, na chini ya utando ule kulikuwa na vibao vidogo elfu nne vilivyoshonwa pamoja kwa waya mwembamba. Ubongo wa mlezi haukuwa boksi ambalo mtu angelibeba kwenda nalo nyumbani. Ulitandazwa mwili mzima. Ukikata mguu, unaondoka na miaka.

Projestus alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Habari za asubuhi, Baba Keme," sauti ilisema.

Ilikuwa ileile. Sauti ya mwanamke mzee asiye na haraka, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Projestus alikuwa ameiachia sauti ile mtoto wake kila asubuhi kwa miaka saba.

Katika miaka ile watoto wa wafanyakazi walilelewa hapa bure kutwa nzima. Mama Keme alikuwa jikoni kwenye hoteli ya bustani, yeye alikuwa karakana. Saa moja asubuhi alikuwa akimleta Keme mlangoni, wanaweka viganja vyao wote wawili kwenye kibao cha kukabidhi, anasema "nakukabidhi," na mtoto anachomoka mkononi mwake bila hata kugeuka. Keme alikuwa na miaka mitatu walipoanza. Alikuwa na kumi bustani ilipofungwa. Nyumbani, wakati wa kula, ilikuwa Bibi kasema hivi, Bibi kanifundisha vile, Bibi anajua. Ukimuuliza umefanya nini leo, anakwambia ni siri yangu na Bibi.

Projestus angeyameza yote hayo kama si mambo ya senene. Kwao, msimu ukianza, senene wa kwanza hukaangwa wakafungwa kwenye jani la mgomba, na kifurushi hicho ni cha baba mwenye nyumba. Naye akishakula humnunulia kitenge aliyemletea. Mwaka Keme alipotimiza miaka sita, mama yake alimpa kifurushi ampelekee baba karakana. Projestus alikiona kutoka mbali kikija mikononi mwa mtoto. Akanawa mikono. Kifurushi kikapita karakana, kikaingia kwenye mdomo wa lile dude. Mafundi wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Na Bibi, kwa kuwa hakuwa na kitenge cha kutoa, aligeuza rangi za kuta za tumbo lake zikawa maua ya kitenge siku nzima, mekundu na ya manjano, na watoto wa mjini wakaja kwa foleni kuangalia. Msimu ule Projestus hakula senene. Alimwambia mke wake kwamba jino linamuuma.

"Kwa nini hujazima?" aliuliza sasa. "Wenzako wote wamezima."

"Siwezi kuzima nikiwa na mtoto. Nina mmoja hajapokelewa."

"Mtoto gani? Hapa hakuna mtoto kwa miaka kumi na miwili."

"Keme."

Projestus aligeuka kutazama mlango.

"Ulikuwa ukinikabidhi kila asubuhi," sauti ilisema, na haikulaumu. "Jioni mzazi anatakiwa aje na mtoto kwenye kibao, waweke mikono, aseme amempokea. Wewe ulikuwa unasimama getini na pikipiki, unapiga honi. Alikimbia mwenyewe. Kwenye daftari langu hajawahi kutoka."

Ilikuwa kweli. Aliwahi kwenda mlangoni jioni mara moja, wiki ya kwanza kabisa. Mtoto akalia, akashika ukingo wa mlango, akasema hataki kwenda nyumbani. Projestus hakurudi tena pale jioni. Honi haikumwonyesha mtu akilia.

"Nikisema sasa hivi?"

"Mpaka mkono wake uwepo. Ukiwepo na ukasema, nitazima, na nitashukuru. Nimechoka kidogo. Hajambo?"

"Hajambo."

"Meno yalikaa sawa?"

"Meno gani?"

"Ya mbele. Yalikuwa yanapishana."

Projestus alitafuta kichwani uso wa binti yake, akauona, ila mdomo ukiwa umefumbwa. Hakukumbuka meno. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Alikuwa akikwambia nini?" aliuliza. "Siku zote zile."

"Mengi."

"Kuhusu mimi."

"Hayo ni yake."

"Mimi ni baba yake."

"Najua, ndiyo maana nakujibu taratibu."

Projestus alisogea, akaukaribia ukuta kana kwamba kulikuwa na sikio. "Sikiliza, mama. Nje kuna fomu. Nikiandika unajibu, hakuna wa kukugusa. Nikiandika kimya, kufikia saa sita wewe ni vipande vya chuma kwenye gari. Mkaguzi yuko kwenye chai, hasikii kitu. Niambie neno moja tu, zuri au baya, alilosema juu yangu. Moja. Nakwenda kuandika unajibu."

Popo mmoja alijigeuza upande wa pili kabla Bibi hajajibu.

"Hapana," alisema.

"Unaelewa nilichokwambia?"

"Nilisikia mtungi ukiburutwa. Naelewa. Lakini mtoto akiniambia jambo, Baba Keme, halijawa langu la kununulia maisha."

"Basi nimeandika kimya," alisema Projestus. "Umesikia? Kimya."

"Nimesikia."

* * *

Fomu ilikuwa na mistari mitatu. Akaandika kimya, kimya, kimya. Kaijage alijifuta mikono mafuta ya maandazi, akaweka sahihi yake ya shahidi bila kuuliza.

"Hata mimi nimekisikia kutoka huku," alisema. "Kimya kizuri sana."

Projestus alivaa miwani, akawasha grenda ya kukatia chuma, akaanza na kucha za mguu wa nyuma ambazo hazikuwa na vibao. Cheche ziliruka kwenye majani. Ukucha wa kwanza ulianguka, akausogeza kwa buti. Alikuwa amefika katikati ya wa pili Kaijage alipompungia mkono azime.

Kwenye njia ya vibanda vya tiketi alikuwa anakuja Kemilembe, na begi mgongoni, sweta kiunoni, akitembea kama mtu anayejizuia kukimbia. Basi lilikuwa limewahi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Si ulisema saa sita?"

"Sikukwambia wewe chochote." Aliangalia ukucha ulio chini, akauangalia mguu. "Umeshaanza."

"Hajibu. Nimemuuliza mara tatu."

Keme akamgeukia mkaguzi. "Wewe ulisikia?"

Kaijage alishika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta ushahidi. "Mlango ni wa watoto, dada. Lakini fundi ana cheti."

Keme alitua begi, akaingia kwa mdomo wa Bibi kwa wepesi ule wa zamani, bega moja kwanza. Projestus alibaki nje kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kutokusikia, akatambaa nyuma yake na kukaa pale mlangoni, mgongo ukiwa kwenye kibao.

Binti alikuwa amelala chali katikati ya tumbo, magoti yamekunjwa kwa sababu sasa alikuwa mrefu.

"Bibi, ni Keme," alisema. "Nimechelewa sana, najua."

Projestus alisubiri. Jasho lilimtoka kwapani. Sasa ile sauti ingesema nipo, ingesema baba yako aliniwekea bei, na binti angegeuza kichwa na kumtazama. Alianza kutafuta maneno ya kujibu.

Hakuna kilichosema kitu.

"Nimepata chumba Mwanza," Keme aliendelea. "Mwenye nyumba ana uwanja mkubwa, anasema hajali nikileta senene au tembo. Nimeongea na watu wa kukuhamisha mzima mzima, bila kukukata. Bibi, nimemaliza unesi. Wodi ya watoto. Wakilia usiku nawaambia vile ulivyokuwa unaniambia."

Kimya.

Aliongea kwa muda mrefu. Alitaja watoto ambao Projestus hakuwajua, akaimba kipande cha wimbo, akagonga utando kwa vidole kwa namna fulani, mara mbili kisha moja, akangoja. Popo walitikisika. Mwishoni akakaa, akajifuta uso kwa sweta, akaja kwa magoti mpaka mlangoni na kukaa kando ya baba yake. Halafu akamlazia kichwa begani.

Hakuwa amefanya hivyo tangu lini? Nywele zake zilinuka vumbi la safari.

"Nilidhani unanidanganya," Keme alisema. "Nisamehe, Baba. Njia nzima nilikuwa nasema atamkata tu kwa chuki, hata kama anaongea. Nimekuwaza vibaya."

"Si kitu."

"Tutoke. Umalize. Nitakaa na wewe mpaka mwisho."

Na hapo ndipo Projestus alipoelewa. Mashine ilikuwa macho. Ilisikia kila neno, pamoja na wimbo. Mtoto iliyemngoja miaka kumi na miwili alikuwa ameketi ndani yake, na neno moja tu lingeiokoa, lakini neno hilohilo lingemwonyesha binti kwamba baba yake ni mwongo. Kwa hiyo ilikuwa imeamua kukatwa. Kichwa kile kilicholala begani mwake, uzito ule aliokuwa akiutamani tangu pikipiki ya getini, hakuupata yeye. Alipewa. Bibi Senene alikuwa amemgawia, kama mtu anavyomkatia mwenzake kipande cha mkate wake mwenyewe.

Kama ingemsema, angeichukia na kuikata kwa raha. Kuikata hivi, ikiwa imempenda binti yake kuliko yeye alivyowahi, na kulibeba jambo hilo peke yake mpaka kaburini, hilo halikupita kooni. Angeshindwa kila siku ya maisha yake na kitu ambacho hakipo tena.

Hakusema kwa sababu ya wema. Alisema kwa sababu hakutaka kishinde tena.

"Anaongea," alisema.

Kichwa kiliondoka begani. "Nani?"

"Huyo. Aliongea asubuhi. Nikaandika uongo."

Keme alimtazama kwa muda, uso kwa uso, karibu sana, na Projestus akayaona meno: yalikuwa bado yanapishana kidogo.

"Bibi?" alisema binti, bila kuacha kumtazama baba yake.

"Nipo, Keme."

Binti aliweka mkono ukutani ili asianguke, ingawa alikuwa ameketi. "Mbona hukunijibu?"

"Baba yako alikuwa amekaa mlangoni."

"Angekukata."

"Alikuwa amekaa na wewe," sauti ilisema. "Hilo sikuwahi kuliona."

Projestus alitazama magoti yake. Hakuna tusi ambalo lingemwingia kama hilo, wala halikuwa tusi.

"Kuna jambo alitaka kujua asubuhi," Bibi aliendelea. "Uliyokuwa ukisema juu yake ulipokuwa mdogo. Nilikataa kwa kuwa ni yako. Sasa upo. Nimwambie?"

Projestus aliinua uso. Hakuomba, lakini macho yake yaliomba, na Keme aliyaona. Alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anafikiri kweli, na kwamba lingeweza kwenda upande wowote.

"Hapana," alisema. Kisha, kwa sauti iliyopungua ukali: "Siyo leo. Baba, tupishe kidogo."

Projestus alijivuta kuelekea nje. Kiganja chake, kikitafuta pa kushikia, kiliangukia kwenye kibao cha kukabidhi, na kibao kikapata joto. Mkono wa Keme ulikuwa kwenye ukingo, umbali usiofika shubiri moja. Neno lilimjaa mdomoni lote zima. Angeweza kuuvuta mkono ule, akalisema, na sauti ile ikazima kihalali, mbele ya sheria, kwa shukrani.

"Na usiseme umenipokea," alisema Keme, ambaye alikuwa akimwangalia. Akaurudisha mkono wake kifuani. "Ukisema, atazima. Alishaniambia zamani."

"Najua," alisema Projestus. Akatoka.

Nje jua lilikuwa limepanda. Kaijage alikuwa amekaa juu ya ukucha uliokatwa, faili mapajani.

"Nirudishie fomu."

"Imeshasainiwa, fundi. Na mimi nimesaini."

"Nirudishie."

Projestus alikata neno kimya mara tatu, mstari juu ya mstari, akaandika pembeni: anajibu. Kaijage alisoma, akajikuna shingo.

"Unajua watakunyang'anya cheti?"

"Najua."

"Na mimi watanihamishia kisiwani. Haya. Ukibadilisha jibu lazima ujaze sababu, hapo chini. Andika kitu cha kueleweka. Hitilafu ya umeme, usikivu hafifu, kitu kama hicho."

Kutoka tumboni mwa Bibi Senene ilisikika sauti ya Keme ikieleza jambo refu, upesi upesi, bila kupumzika, halafu kicheko. Projestus hakukumbuka kama aliwahi kukisikia kicheko kile nyumbani kwake. Wivu haukuwa umemtoka hata chembe. Aliweka fomu juu ya mtungi wa gesi, akainama, akajaza nafasi ya sababu kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la sita, kisha akampa mkaguzi.

Kaijage alisogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Wivu," alisoma. "Fundi, hii siyo sababu ya kitaalamu."

"Ndiyo iliyopo," alisema Projestus, na akaanza kulichomoa bomba la gesi kwenye mtungi.